Mama anabadilishiwa goti, wiki ya saba tuna meli ya kitalii. Twende au tuahirishe?

Binti_Mzizima

Wakuu, habari za jioni. Naomba ushauri wa wenye kulijua jambo hili. Wa kutia moyo ninao wa kutosha nyumbani.

Mama ana miaka 68, tunaishi naye Dallas. Goti la kushoto limesagika, atabadilishiwa lote wiki mbili zijazo. Tatizo ni kwamba meli tulishailipia kabla hospitali haijatupa tarehe: siku 7 mwezi wa Januari, kutoka Galveston, kupitia Cozumel, George Town kule Grand Cayman, na Falmouth, Jamaica. Siku ya kupanda meli atakuwa na wiki 7 kamili tangu upasuaji. Chumba ni cha kawaida, cha ndani, ghorofa ya 9, karibu kabisa na mbele. Galveston tutaenda kwa gari. Bima ya safari hatujakata.

Ana presha na anameza dawa, sukari hana, hajawahi kugandwa na damu. Yeye mwenyewe anasema atakwenda hata kwa kutambaa. Nataka kujua: wiki 7 ni mapema mno? Chumba hicho kinafaa? Na tufungashe nini?

Fizio_wa_Magoti

Wiki 7 kwa goti si mapema mno, lakini tarehe peke yake haisemi kitu. Kuna magoti ya wiki 5 yanayopanda ngazi vizuri na ya wiki 10 ambayo bado hayajakunja. Kwa hiyo mpime mwishoni mwa wiki ya 6, nyumbani, kwa vipimo hivi:

- Ainuke kwenye kiti cha sentimita 45 bila kujisukuma kwa mikono, mara 5 mfululizo.
- Apande na kushuka ngazi 12 akishika reli upande mmoja tu. Kupanda anatanguliza mguu mzima, kushuka anatanguliza wenye goti jipya.
- Atembee dakika 20 bila kukaa. Meli kubwa za siku hizi zina urefu wa mita 300 na zaidi, na chumba kikiwa mbele na ukumbi wa chakula nyuma, kwenda kula mara moja na kurudi ni kama nusu kilomita. Mara tatu kwa siku.
- Avuke kizuizi cha sentimita 15 bila kukigusa. Weka kitabu kinene sakafuni, kisimamie kwa ubavu.
- Goti likunje digrii 100 au zaidi, na likinyooka kisigino na paja vilale karibu sawa kitandani.

Hicho cha mwisho ndicho watu hukipuuza. Goti likigoma kufika digrii 90 kufikia wiki ya 6, daktari anaweza kuamua kumlaza usingizi na kulikunja kwa mkono, na kazi hiyo kwa kawaida hufanywa kati ya wiki ya 6 na ya 12. Ukiwa baharini siku 7, halafu ukarudi umechoka ukapumzika siku 7 nyingine, umekula wiki mbili za dirisha hilo. Kwa hiyo goti likiwa gumu wiki ya 6, jibu langu ni hapana, hata kama maumivu hayapo.

Mazoezi yasikatike melini. Asubuhi kabla ya kushuka kitandani: kuchezesha vifundo vya miguu mara 20, kukaza msuli wa paja na kuhesabu hadi 5 mara 10, halafu kuburuta kisigino kuelekea makalio mara 10. Shuka za melini hukamata kisigino, basi avae mfuko wa plastiki juu ya soksi, utateleza wenyewe. Ila auvue kabla hajakanyaga chini. Jioni arudie.

Ingekuwa nyonga ningeandika mengine. Nyonga iliyofunguliwa kwa nyuma ina masharti ya kutoinama kupita digrii 90 na kutokunja nne, na viti vya melini vingi ni vya chini, unazama ndani kama kapu.

Baharia_wa_Mtoni

Nianze na chumba, maana hapo ndipo mmekosea. Omo, yaani mbele ya meli, hupanda na kushuka kuliko sehemu nyingine yoyote, na kadiri unavyokwenda juu ndivyo unavyoyumba zaidi. Januari pepo baridi za kaskazini hushuka hadi Ghuba ya Mexico na bahari hiyo huchafuka vibaya kwa siku nzima au mbili. Mtu mwenye magoti mawili mazima anatembea kwa kushika ukuta. Pigeni simu kesho muombe chumba cha katikati ya urefu wa meli, ghorofa ya chini kadiri itakavyopatikana, karibu na lifti. Wala usitake mlango unaotazamana na lifti, kelele zake hazilaliki.

Pili, chukua futi ya kupimia. Kwenye meli nyingi mlango wa chumba cha kawaida una upana wa sentimita 56 hadi 58, wa bafuni ni mwembamba zaidi. Fremu ya kutembelea ya mtu mzima ina upana wa sentimita 60 na kitu. Haipiti! Itabidi aikunje mlangoni au aingie kwa ubavu, na hapo ndipo mtu anaachia mkono mmoja wakati meli inalala upande. Vyumba vya watu wenye ulemavu vina mlango wa sentimita 81 au zaidi, bafu lisilo na kizingiti, kiti cha kukunja cha kuogea na vyuma vya kushika. Ni vichache na huwahiwa mapema, lakini muulize idara ya mahitaji maalumu ya kampuni, siyo yule aliyewauzia tiketi. Kuna fomu ya kujaza. Kwenye fomu hiyohiyo ombeni kiti cha kuinulia choo, maana choo cha melini ni kifupi.

Mkikosa chumba hicho, basi jueni kizingiti cha bafuni. Chuma hicho kinaweza kufika sentimita 15, kipo ili maji ya kuoga yasitoke nje. Namna ya kukivuka ni hii: asimame karibu kabisa, vidole vikiwa sentimita chache tu kutoka kizingitini. Ashike fremu ya mlango pande zote mbili, asishike kitasa, mlango unatembea. Asubiri meli imalize kulala na kuanza kurudi wima. Atangulize mguu mzima ndani, aukanyage mzima mzima, ndipo auvute wenye goti jipya akiwa amelikunja. Kutoka ni kinyume: goti jipya litangulie, mguu mzima ubaki ndani umebeba uzito. Na chuma cha kutundikia taulo si cha kushika! Kimefungwa kwa skrubu mbili fupi, kinang'oka. Vile vyuma vya kubandika kwa mpira wa kunyonya hewa navyo visikudanganye, kwenye ukuta wa bafu la meli vinaachia bila taarifa. Weka mkeka wa mpira ndani ya bafu, muache taa ya bafuni inawaka usiku kucha, maana chumba cha ndani kikizimwa taa ni giza la kaburini.

Bandari zenu sasa. Cozumel na Falmouth meli inafunga gatini, mnashuka kwa daraja. Daraja hilo mwinuko wake unaweza kubadilika kati ya kushuka asubuhi na kurudi alasiri. Gati za Cozumel ni ndefu, na jua lipo hata Januari. Falmouth maduka yapo hapohapo ukishuka, kwa Mama naona ndiyo bandari yake.

George Town hakuna gati la meli kubwa. Meli inasimama nje, abiria wanateremshwa kwa boti ndogo. Unasimama kwenye jukwaa la chini la meli, boti inapanda na kushuka mbele yako, wakati mwingine nusu mita, na mabaharia wawili wanakushika mikono wanasubiri boti ije usawa, wanakwambia sasa. Ukichelewa nusu sekunde mguu unatua hewani. Goti la wiki 7 halina kazi pale. Abaki melini. Siku hiyo meli inakuwa tupu, lifti hazina foleni, viti vya kivulini vyote vyake.

Kiti cha magurudumu: cha meli ni cha kupandia na kushukia tu siku ya kwanza na ya mwisho, na cha dharura. Mkitaka cha siku zote kodisheni kabla, kiletwe bandarini. Na kisikae koridoni, ni njia ya kukimbilia, watakiondoa.

Jambo la mwisho, nalo si dogo: moto ukitokea lifti hazitumiki. Mwandikisheni kama mtu asiyeweza ngazi nyingi. Ghorofa ya chumba ikiwa karibu na ile ya kukusanyikia, afadhali zaidi.

Mfamasia_K

Wakuu wawili wameeleza vizuri kuhusu kuanguka. Mimi naogopa damu.

Hatari ya damu kuganda mguuni baada ya kubadilishiwa goti ni kubwa wiki za mwanzo, lakini haiishi siku dawa inapoisha. Inashuka taratibu hadi kama miezi mitatu. Dawa zenyewe za kuzuia damu kuganda zinaisha mapema: rivaroksabani au apiksabani kwa goti hutolewa kwa wiki mbili hivi, na aspirini, ambayo madaktari wengi wa Marekani huipenda, wiki 4 hadi 6. Piga hesabu. Wiki ya 7 Mama hana kinga ya dawa, na hatari haijatoka. Swali la kumuuliza daktari wa upasuaji kwa maneno hayahaya: "Nitakaa kwenye gari saa 5 kwenda na saa 5 kurudi wiki ya 7 na ya 8, je nirudishiwe dawa ya kuzuia damu kuganda kwa siku hizo?" Wapo watakaosema ndiyo, wapo watakaosema soksi za kubana zinatosha. Msijiamulie wenyewe, na asimeze vidonge vya mtu mwingine.

Dallas hadi Galveston ni kama kilomita 470. Simameni kila saa moja, ashuke, atembee dakika 5. Akae kiti cha mbele kilichosukumwa nyuma, maji anywe bila kuogopa choo. Mkiweza, laleni Houston au Galveston usiku wa kabla. Anayeendesha saa 5 halafu akasimama foleni ya kupanda meli saa 2 anafika chumbani mguu umevimba, na hapo hujui uvimbe ni wa goti au wa mshipa.

Kutofautisha ni hivi. Goti jipya huvimba kwa miezi kadhaa, hilo ni la kawaida, na uvimbe huo hupungua asubuhi baada ya kulala mguu ukiwa juu. Wiki moja kabla ya safari anzeni kupima mzingo wa shavu la mguu kila asubuhi, sentimita 10 chini ya kile kinundu cha mfupa kilicho chini ya pia ya goti, miguu yote miwili. Andikeni. Mkiwa melini, mguu ukiongezeka ghafla usipungue kwa usiku mmoja, au shavu likiuma ukiliminya, nendeni kwa daktari wa meli siku hiyohiyo. Kifua kikibana au pumzi ikikata ghafla, usimtembeze hadi zahanati, piga namba ya dharura iliyoandikwa kwenye simu ya chumbani.

Dawa za kutuliza maumivu: parasetamoli, ambayo kule huitwa asetaminofeni, isizidi gramu 3 kwa siku kwa umri wake, na kumbuka dawa nyingi za mafua zina hiyohiyo ndani. Ibuprofeni asiguse bila kuuliza, ana presha, na kama atarudishiwa dawa ya damu itamtoa damu tumboni. Tramado, ile dawa kali ya maumivu, kama bado anaitumia iwe kwenye kichupa chenye jina lake.

Kichefuchefu cha bahari ni mtego. Meklizini, kidonge cha kukizuia, inalaza. Meklizini juu ya tramado inalaza na kulevya, halafu saa nane usiku anaamka kwenda bafuni na kile kizingiti cha Baharia kinamsubiri. Ajaribu nyumbani kwanza, aanze na nusu kidonge cha miligramu 25, muone anavyokuwa. Ile plasta ya kubandika nyuma ya sikio nisingempa mtu wa miaka 68, inachanganya akili na kuzuia mkojo.

Kuharisha na kutapika huwa kunaenea melini. Jeli ya mikono haiviwezi vizuri virusi vile, sabuni na maji ndiyo dawa. Akiharisha siku nzima anaishiwa maji, damu inakuwa nzito, na baadhi ya vidonge vya presha vikiendelea kumezwa katika hali hiyo vinaumiza figo. Muulizeni daktari wake mapema ni vipi vya kusimamisha.

Dawa zote ziwe kwenye mkoba wa mkononi. Masanduku mnayakabidhi kwa wapagazi bandarini na yanaweza kufika chumbani jioni. Chukueni za siku 3 za ziada, maana Januari ukungu ukishuka mlango wa bandari ya Galveston hufungwa na meli hubaki nje ikisubiri.

Mhesabu_Bima

Nitauliza ambalo hakuna aliyeuliza: kwa nini msisogeze upasuaji? Goti lililosagika si dharura. Mama akienda na goti bovu lakini analolijua, akirudi apasuliwe Februari, mnapata safari na mnapata wiki 12 za mazoezi bila kukatizwa. Hospitali kubadilisha tarehe haitozi kitu mara nyingi. Meli ikiwa imebakiza wiki 9, kuahirisha kunakula sehemu ya fedha, na kiasi kinapanda kila tarehe inavyokaribia. Someni mkataba wenu leo.

Onyo moja tu hapo. Asidungwe sindano ya steroidi gotini ili afurahie safari. Madaktari wengi watakataa kumpasua mpaka ipite miezi 3, kwa sababu ya hatari ya wadudu kuingia kwenye goti jipya.

Mkishikilia kwenda baada ya upasuaji, bima. Bima nyingi za safari za Marekani hufidia ugonjwa uliokuwepo kabla endapo tu ilikatwa ndani ya siku 14 hadi 21 tangu malipo ya kwanza ya safari. Ninyi dirisha hilo huenda limeshapita, kwa hiyo chochote kitakachohusu goti kinaweza kukataliwa. Angalau kateni ya kusafirishwa mgonjwa kwa ndege, na muulize kwa maandishi kama goti limo. Kumtoa mtu kutoka kisiwani kwa ndege ya wagonjwa ni makumi ya maelfu ya dola. Kama ana Medicare, bima ya afya ya serikali ya Marekani kwa wazee, jueni hailipii matibabu melini meli ikiwa zaidi ya saa 6 kutoka bandari ya Marekani, na Cozumel ni mbali kuliko hapo. Zahanati ya meli inaandika deni kwenye akaunti ya chumba, mnalipa kabla ya kushuka, mnadai baadaye.

Binti_Mzizima

Ahsanteni sana, jamani. Hilo la kusogeza upasuaji sikuliwaza, nitaongea na Mama kesho asubuhi akiwa ametulia. Mkinivumilia maswali mawili. Anapenda maji, je anaweza kuingia bwawani au kwenye lile beseni la maji moto? Na barafu ya kukanda goti nitaipata wapi, friji ya chumbani ni ndogo?

Fizio_wa_Magoti

Beseni la maji moto hapana, hata kovu likiwa zuri. Maji ya uvuguvugu yanayotumiwa na watu wengi ndipo wadudu wanapostawi, na joto litamvimbisha goti usiku kucha. Bwawa na bahari: kovu liwe limefunga lote, hakuna kigaga, hakuna tone linalotoka, na daktari ameliona kwa macho ameruhusu. Kigaga kimoja cha ukubwa wa punje ya mchele bado ni mlango. Lakini hata akiruhusiwa, ngazi ya bwawa la meli ni ile ya chuma iliyosimama wima, na bwawa lenyewe linachafuka meli ikiyumba. Akae pembeni atie miguu.

Friji ya chumbani haigandishi. Mwambie mhudumu wa chumba alete ndoo ya barafu mara mbili kwa siku, ni huduma ya kawaida. Mjaze kwenye mfuko wa plastiki wa kufunga, uufunge kwa taulo jembamba, dakika 15 hadi 20, mguu ukiwa juu ya mito miwili, mto uwe chini ya kisigino. Ukiuweka chini ya goti anapata raha na goti linazoea kukunjika, kulinyoosha baadaye ni kilio.

Na hili walioandika juu hawakuligusa: kovu likianza kuwa jekundu, likitoa maji, au homa ikipita 38, daktari wa meli atataka kumpa antibayotiki mara moja. Kama hali si mahututi, aombwe ampigie kwanza daktari aliyempasua. Antibayotiki ikitangulia, maji yatakayovutwa gotini kwa kipimo yanaweza yasioteshe mdudu, na bila kumjua mdudu tiba inakuwa ya kubahatisha.

Mfamasia_K

Naongezea: mashine ya ukaguzi wa kurudi melini itapiga kelele kila bandari, goti ni chuma. Aseme kabla hajapita, aoneshe goti, wamkague kwa mkono. Avae gauni au suruali pana inayopanda juu ya goti bila kuvuliwa.

Kipepeo_wa_Pemba

Samahani kuingilia uzi. Shangazi yangu amebadilishiwa nyonga Dar, wiki ya 5, anataka kurudi Unguja kwa boti ya kasi. Haya mnayosema yanamhusu?

Baharia_wa_Mtoni

Yanamhusu machache. Ni saa mbili hivi, damu si tatizo kubwa kama kwenye gari la saa 5. Shida ni tatu: foleni ya kusimama, ngazi ya kupandia, na kiti. Fika mapema useme getini kuna mgonjwa, wampandishe kabla ya msukumano. Chukua safari ya kwanza ya asubuhi, upepo huwa bado haujapata nguvu. Akae ukumbi wa chini, sehemu ya nyuma, kiti cha pembeni ya njia ili mguu unyooke. Kiti kikiwa kifupi aongeze mto mgumu chini, goti lisiwe juu ya nyonga. Boti ikifika asiinuke na watu. Asubiri ifungwe kamba zote mbili, ukumbi utoke, ndipo ashikwe mkono. Kama ni kipindi cha kusi kali na bahari imechafuka, asubiri siku nyingine au apande ndege, ni kama dakika 20 tu. Ila ngazi za zile ndege ndogo ni nyembamba na fupi, muulize kwanza ni ndege ya aina gani.